Sura ya Saba: Kwa Nini Nyama Hii Inatoa Maji?

Wanunuzi wa nyama ya nguruwe jijini Nairobi, wawe ni wale wanaosimama mbele ya bucha za City Market katika Mtaa wa Muindi Mbingu au wale wanaokwenda jioni Kangemi, Uthiru na Ndumbuini kula nyama ya kukaangwa, wana swali moja ambalo kila muuzaji hulijibu kwa namna yake: kwa nini kilo iliyonunuliwa leo inamwaga maji kwenye kikaango, inasinyaa na kuwa kavu mdomoni, ilhali kilo ya wiki iliyopita, kutoka bucha ileile na kwa bei ileile, ilikaangika vizuri ikabaki laini? Wapo wanaomshuku muuzaji kwamba ameidunga maji, wapo wanaolaumu makombo ya hoteli aliyolishwa nguruwe, na wapo wanaosema ni friji mbovu. Lawama hizo zaweza kuwa na ukweli mahali fulani, lakini zote huruka hatua moja ambayo mnunuzi haioni na muuzaji hana sababu ya kuitaja, nayo ni safari ya nguruwe kutoka bandani hadi kichinjioni.

Kwa kawaida watu hudhani kwamba safari mbaya ni safari ndefu. Sura hii inaonyesha kwamba dhana hiyo ni nusu ya ukweli tu, kwa sababu nguruwe aliyesafirishwa kilomita 15 kutoka Kikuyu akiwa amefungwa miguu juu ya pikipiki anaweza kutoa nyama mbaya kuliko aliyesafiri kilomita 400 kwenye lori lenye nafasi, maji na kivuli, ingawa huyo wa mbali naye ana hasara zake ambazo wa karibu hazijui.

Nguruwe wanaoliwa Nairobi hutoka wapi?

Wengi hutoka Kaunti ya Kiambu na kaunti nyingine za eneo la Mlima Kenya, ambako wakulima wadogo hufuga nguruwe wachache wa mbegu nyeupe, hasa Large White na Landrace, katika mabanda ya mbao yaliyo nyuma ya nyumba. Kutoka hapo njia hugawanyika. Kampuni ya Farmer's Choice, iliyoanzishwa mwaka 1980 na yenye kiwanda Kahawa West, huchukua nguruwe wa mashamba yake na wa wakulima wanaoiuzia, huku wafanyabiashara wadogo wanaolisha bucha na hoteli za mitaani wakiwapeleka wao kwenye vichinjio vya kujitegemea, kikiwemo kile cha Ndumbuini karibu na Kabete, upande wa magharibi wa jiji.

Zamani mpangilio ulikuwa tofauti. Kwa miongo mingi kitovu cha biashara hii kilikuwa kiwanda cha Uplands, kilichosimama kando ya reli kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, mahali penye baridi palipo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, katikati ya mashamba yenyewe. Nguruwe walikwenda mwendo mfupi, na kilichosafiri mwendo mrefu kilikuwa nyama iliyokwisha kuhifadhiwa kwa chumvi na moshi. Kiwanda hicho kilifungwa katika miaka ya 1980, na tangu hapo uzito wa biashara umehamia jijini, yaani mnyama ndiye anayemfuata mlaji.

Upande wa magharibi wa nchi, Busia, Kakamega na Vihiga, kuna ufugaji wa namna nyingine kabisa: nguruwe wa kienyeji hufungwa kamba chini ya mti au huachwa wajitafutie chakula, na wengi huuzwa kabla ya kufika kilo 40. Kwa desturi huchinjwa hukohuko, lakini bei ya jiji inapopanda wafanyabiashara huwafuata. Kutoka Kakamega hadi Kabete ni takriban kilomita 400, na barabara yenyewe ina vituko vyake, kwa kuwa lori hupanda hadi baridi ya Mau Summit, hushuka kwenye joto na vumbi la Bonde la Ufa kati ya Nakuru na Naivasha, kisha hupanda tena hadi ukungu wa Limuru kabla ya kuteremka Rironi na Kinoo na kusimama kwenye msongamano wa magari wa Waiyaki Way. Mnyama aliyelowa mkojo wake mwenyewe na kupigwa na upepo wa Mau hupitishwa saa chache baadaye kwenye jua kali akiwa amebanwa na wenzake, na mwili wake hulazimika kubadili mbinu mara tatu katika siku moja.

Msongo ni nini?

Neno msongo katika sura hii lina maana ya hali ya mwili wa mnyama unapokabiliwa na jambo unalolihisi kuwa la hatari na kulazimika kutumia akiba yake ili kujinusuru. Hali hiyo huonekana katika damu. Kwanza hutoka adrenalini, homoni ya dharura inayoufanya moyo upige haraka na kuisukuma damu kwenye misuli, na homoni ni kemikali ambayo kiungo kimoja huimwaga katika damu ili kuamrisha viungo vingine. Kisha hufuata kotisoli, homoni ya subira, ambayo huendelea kutoka kwa saa nyingi, huvunja akiba za mwili ili kupata nguvu, na ikikaa muda mrefu hudhoofisha kinga dhidi ya magonjwa.

Akiba inayotumika kwanza ni glaikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa ndani ya misuli na ini. Msomaji anaombwa alishike neno hili, kwa kuwa sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata kuhusu rangi, ladha na maji ya nyama inategemea glaikojeni iliyobaki mnyama anapokufa.

Nguruwe ni mnyama mwenye akili na kumbukumbu, anayetambua wenzake na kuishi nao kwa daraja: yupo mkubwa, yupo wa pili, hadi wa mwisho. Mabroka, yaani madalali wanaokusanya nguruwe wawili hapa na watatu pale hadi gari lijae, huwachanganya wanyama wasiojuana, nao huanza mara moja kupigania daraja upya. Katika zizi pana aliyeshindwa hukimbia na ugomvi huisha, lakini juu ya lori hana pa kukimbilia, hivyo huumwa masikio, mabega na mapaja mpaka afike. Alama hizo hujificha chini ya uchafu na manyoya, na huonekana vizuri baada ya mzoga kutiwa maji ya moto na kukwanguliwa, wakati ambapo aliyemuuza ameshalipwa na kurudi kwao.

Pamoja na ugomvi kuna kichefuchefu. Mtikiso wa polepole wa gari humsumbua nguruwe kama unavyowasumbua baadhi ya abiria, na nguruwe aliyeshiba hutapika akiwa safarini, pengine hata kupaliwa na matapishi yake. Hapa desturi ya soko hugongana na maumbile. Mkulima anayejua kwamba broka atakadiria uzito kwa macho humlisha nguruwe wake mpaka tumbo livimbe asubuhi ya kuuza, na tumbo hilo hubana mapafu na moyo, huongeza joto la mwili, na kichinjioni hupasuka kwa urahisi na kumwaga kinyesi juu ya nyama. Huko Busia na Kakamega watafiti waliwahi kutengeneza njia ya kukadiria uzito kwa kupima mzunguko wa kifua na urefu wa mwili kwa utepe, na faida yake ni zaidi ya haki ya bei: uzito ukijulikana kwa kipimo, kumjaza nguruwe chakula asubuhi hakumfaidi mtu.

Mnyama asiyepozwa na jasho

Ng'ombe, punda na binadamu hupoza miili yao kwa jasho, lakini nguruwe hawezi, kwa sababu tezi zake za jasho hazina nguvu ya kufanya kazi hiyo. Shambani hujipoza kwa kugaagaa kwenye matope, kulala juu ya sakafu baridi na kujitenga na wenzake, na juu ya lori njia hizo zote zimefungwa, abaki na moja tu ya kuhema kwa kasi mdomo wazi. Joto la kawaida la mwili wake ni karibu nyuzi 39 za selsiasi. Nguruwe mkubwa aliyenona huanza kutaabika hewa inapopita nyuzi 25 hivi, kiwango ambacho adhuhuri ya Nairobi ya Februari au Machi hukipita bila shida, na hapo haijahesabiwa bati la gari lililopigwa na jua wala joto la miili iliyobanana.

Lori likiwa mwendoni upepo husaidia, na ndiyo maana saa ya hatari kubwa si ile inayotumika kukata mamia ya kilomita usiku, ni ile ya kusimama. Dereva anapoegesha Naivasha apate chakula, anaposimamishwa kukaguliwa vibali, au anapokwama kati ya Uthiru na Kangemi saa tano mchana, hewa kati ya nguruwe hugeuka kuwa mvuke, na waliosongamana katikati ndio wanaoanza kuzirai. Nguruwe mweupe aliye juu ya pikapu iliyo wazi huungua ngozi pia, jambo ambalo wafugaji wa nguruwe weusi hawalijui sana.

Nafasi ya kutosha hupimwa kwa uzito. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2005 inaweka kikomo cha takriban kilo 235 za nguruwe kwa kila mita moja ya mraba, ili wote waweze kulala kwa pamoja. Kwa hesabu hiyo, pikapu yenye sakafu ya urefu wa mita 2.3 na upana wa mita 1.5 inatosha nguruwe 8 wa kilo 100, na yeyote aliyesimama kando ya Barabara ya Naivasha alfajiri na kuhesabu masikio anajua kwamba idadi hiyo si kitu kwa baadhi ya wasafirishaji.

*Kwa ufupi:* katika safari moja nguruwe hupatwa na hofu ya kupakiwa, ugomvi wa wageni, kichefuchefu, joto, kiu na uchovu, na mambo haya hayaji kwa zamu.

Nyama iliyopauka na nyama iliyokolea

Sasa swali la kikaango linaweza kujibiwa. Mnyama akishachinjwa misuli haifi papo hapo, bali huendelea kwa muda kuunguza glaikojeni yake bila hewa, na kazi hiyo huzalisha asidi ya laktiki, ile inayotia uchachu katika maziwa ya mala. Uchachu hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH, ambacho namba yake hushuka kadiri asidi inavyoongezeka. Msuli wa nguruwe aliye hai una pH ya karibu 7, na katika mnyama aliyekufa akiwa ametulia namba hiyo hushuka polepole hadi kati ya 5.5 na 5.7 mzoga ukiendelea kupoa. Asidi hiyo ya wastani ndiyo inayoipa nyama ladha, rangi ya waridi na uwezo wa kukaa bila kuoza upesi.

Nguruwe aliyekimbizwa, aliyepigwa au aliyeshushwa kwa kuvutwa masikio dakika chache kabla ya kisu hufa misuli yake ikiwa imewaka moto. Bado ana glaikojeni ya kutosha, na yote huungua kwa mkupuo, hivyo pH huanguka chini ya 6 ndani ya dakika 45, mzoga ukiwa bado na joto la nyuzi 40 hivi. Asidi na joto vikikutana huharibu protini, ambazo ndizo zinazoshikilia maji ndani ya nyama, nayo hugeuka kama sifongo iliyochoka: hupauka, hulegea, na hutoa maji kwenye sinia la bucha kabla hata ya kufika kwenye kikaango. Hakuna aliyeidunga maji, kwa kuwa yanayomwagika ni maji yake yenyewe. Wataalamu huiita kwa sifa zake tatu, iliyopauka, laini na inayochuruzika, na mteja hulipia kwa kilo maji yatakayokwenda na mvuke.

Nguruwe aliyetaabika siku nzima na usiku kucha hupatwa na kinyume chake. Huyu ameshamaliza glaikojeni yake njiani kwa kusimama, kupigana na kutetemeka kwa baridi, na anapochinjwa hakuna cha kuunguza. Asidi haipatikani, pH hubaki juu ya 6 hata baada ya saa 24, na nyama huwa nyeusi, ngumu na yenye kunata vidoleni. Maji yake huyashika vizuri, hata mpishi anaweza kuisifu, lakini bila asidi ya kuwazuia bakteria huoza haraka, na katika bucha isiyo na friji ya uhakika hilo ndilo linaloumiza, kwa sababu nyama iliyoletwa asubuhi hubadilika harufu mapema kuliko ilivyotarajiwa.

Kutokana na maelezo haya ni rahisi kuona kwa nini kilomita ni kipimo kibaya. Safari fupi yenye fujo huzaa nyama iliyopauka, kwa kuwa nguruwe hufika akiwa bado amejaa hofu ya kupakiwa na hupelekwa moja kwa moja kisuni, ilhali safari ya saa mbili au tatu katika gari tulivu humpa muda wa kulala na kutulia. Ni safari inayozidi hapo, ya usiku kucha bila maji, inayomfikisha kwenye hatari ya pili. Mteja wa Ndumbuini anayekula nyama ya nguruwe wa Kiambu ana sababu zaidi ya kulalamikia maji kwenye kikaango, na anayekula wa mbali ana sababu zaidi ya kuinusa kwanza.

Urithi nao una sehemu yake. Mwaka 1991 wanasayansi walitambua kasoro katika jeni moja ya nguruwe, jeni ikiwa ni maagizo ya urithi ndani ya seli, ambayo huufanya msuli ushindwe kujizuia ukishashtuliwa, hata mnyama akakakamaa, akapanda joto na kufa ghafla garini. Kasoro hiyo ilienea zaidi katika mbegu zilizochaguliwa kwa wingi wa nyama isiyo na mafuta, Pietrain ya Ubelgiji ikiongoza, na mfugaji anayenunua dume la kigeni kwa sababu ya mapaja yake manene anafaa kuuliza kuhusu jambo hilo kabla ya kulipa.

Saa za mwisho

Vipimo vya mapigo ya moyo na vya kotisoli vimeonyesha mara nyingi kwamba kupakia na kushusha humshtua nguruwe kuliko mwendo wenyewe. Nguruwe huogopa mteremko mkali, huogopa kuingia gizani, na husita mbele ya kivuli au dimbwi sakafuni. Kanuni za Ulaya zinataka daraja la kupandia na kushukia lisizidi mwinamo wa nyuzi 20, lakini pikapu nyingi hazina daraja lolote, na nguruwe hubebwa kwa masikio na mkia au husukumwa aruke. Mguu ukivunjika hapo, nyama inayozunguka mfupa hujaa damu na mkaguzi huikata na kuitupa.

Mambo yanayomfaa msafirishaji mdogo ni machache, na mengi hayahitaji fedha:

- Kutompa nguruwe chakula kigumu kwa saa kadhaa kabla ya kupakiwa, lakini kumwachia maji hadi dakika ya mwisho.
- Kutowachanganya wanaotoka mabanda tofauti bila ubao wa kuwatenga.
- Kumwaga mchanga uliolowa sakafuni wakati wa joto, na kuweka majani makavu wakati wa baridi ya Limuru.
- Kufika alfajiri.
- Kuwaongoza kwa ubao unaoziba macho yao upande wa nyuma, na kuacha fimbo.

Kichinjioni napo panahitaji subira ya saa mbili hadi tatu, katika zizi lenye kivuli na maji, kabla ya mnyama kupigwa umeme wa kumzimisha fahamu. Muda huo hutosha kuishusha adrenalini, ingawa hauwezi kurudisha glaikojeni iliyokwisha njiani. Akilazwa hapo usiku mzima pamoja na wageni, vita huanza upya na faida yote hupotea.

Uzito unaopotea na anayeulipia

Nguruwe akikaa saa 24 bila chakula hupoteza takriban asilimia 4 hadi 6 ya uzito wake. Sehemu kubwa ya upungufu huo mwanzoni ni kinyesi na mkojo, na hakuna mtu anayenunua vitu hivyo, lakini baada ya saa 18 hivi mzoga wenyewe huanza kuyeyuka kwa karibu asilimia 0.1 kila saa. Asilimia hiyo ni ndogo kwa jicho. Lori la nguruwe 60 wenye mizoga ya kilo 75, likichelewa saa 10 baada ya hapo, limepoteza kilo 45 za nyama, na hapo bado hajahesabiwa aliyekufa njiani wala paja lililotupwa kwa michubuko.

Hasara hii haimfikii aliyeisababisha. Mkulima amelipwa bandani, dereva amelipwa kwa safari, broka huigawanya katika bei atakayompa mkulima mwingine wiki ijayo, na mwenye bucha huuza nyama iliyopauka kwa bei ileile ya nyama nzuri. Ilimradi soko la Nairobi hulipa kwa kilo bila kuangalia rangi wala pH, msafirishaji mwangalifu hapati shilingi moja zaidi ya mzembe, na mahubiri ya huruma kwa wanyama, ambayo ni ya haki kabisa, yatamwingia sikio moja na kutokea la pili. Kiwanda kikubwa kinaweza kukagua mizoga na kulipa kwa daraja. Mwenye bucha wa Kawangware hawezi, lakini mteja wake ana macho.

Ugonjwa nao husafiri

Kotisoli inapodhoofisha kinga, vijidudu vilivyokuwa vimetulia tumboni huamka. Bakteria wa salmonela, wanaomletea binadamu homa na kuhara, hutoka kwa wingi katika kinyesi cha nguruwe aliyesumbuliwa, na kinyesi hicho hupaka ngozi za wenzake wote garini.

Jambo zito zaidi ni homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa wa virusi usiomdhuru binadamu lakini unaoua karibu kila nguruwe wa kufugwa unayempata, na usio na tiba. Maelezo yake ya kwanza ya kisayansi yaliandikwa na Montgomery, daktari wa mifugo wa serikali ya kikoloni, yakachapishwa mwaka 1921 kutokana na milipuko aliyoichunguza Kenya kuanzia mwaka 1910, na hadi leo utafiti wake unaendelea pale Kabete na katika Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) iliyoko Uthiru. Virusi hivyo viliingia Georgia mwaka 2007 na China mwaka 2018, na haviendi umbali huo kwa miguu. Hubebwa na nguruwe aliyeuzwa haraka kwa sababu wenzake wameanza kufa, na damu au kinyesi kilichobaki kwenye sakafu ya lori huvikabidhi kwa mzigo unaofuata. Ndiyo maana kuosha gari kwa sabuni na dawa kabla ya kurudi shambani kuna thamani kuliko sindano zote anazoweza kuuziwa mfugaji, na ndiyo maana Sheria ya Magonjwa ya Wanyama (Sura ya 364) inadai kibali cha kusafirisha mifugo. Broka anayekwepa kibali ili kuokoa muda anaweza kufilisi tarafa nzima.

Sheria inaihurumia nyama kuliko mnyama

Kenya haina upungufu wa maandishi. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama (Sura ya 360) ipo, na mwaka 1984 zilitungwa chini yake kanuni mahususi za usafirishaji wa wanyama. Jirani yake kuna Sheria ya Udhibiti wa Nyama (Sura ya 356), ambayo kanuni zake zinataka nyama ibebwe katika chombo maalumu kinachofungwa na kusafishika, kwa kibali. Asubuhi yoyote katika vitongoji vya magharibi ya jiji huonekana matokeo ya sheria hizi mbili kwenye barabara moja: bodaboda yenye sanduku la chuma la nyama, safi na lenye kufuli, kwa sababu asiyekuwa nalo hukamatwa, na bodaboda nyingine yenye nguruwe hai aliyefungwa miguu minne kwa kamba na kulazwa ubavu juu ya kiti, kichwa kikining'inia karibu na gurudumu, ambaye hukatiza mbele ya askari bila kuulizwa. Tofauti haiko katika ukali wa maandishi. Mkaguzi wa nyama ana ofisi, muhuri na ada ya kukusanya, ilhali kanuni za mwaka 1984 hazina mtu ambaye riziki yake inazitegemea.

Kusafirisha nyama badala ya mnyama

Suluhisho la kudumu si jipya, maana ndilo lililofanywa Uplands: kumchinja nguruwe karibu na alikofugwa na kuipeleka nyama mjini ikiwa imepozwa. Vikwazo vyake ni vya kweli na havifai kupuuzwa. Vichinjio vya vijijini vingi ni sakafu ya saruji na paa tu, bila umeme wa uhakika, mkaguzi hugawanywa kati ya masoko kadhaa, lori lenye friji ni ghali, na walaji wengi wa Nairobi bado huamini kwamba nyama iliyopoa ni nyama ya zamani, wakati ukweli ni kwamba kupoa vizuri ndiko kunakoilainisha. Hata hivyo serikali za kaunti za Busia, Kakamega na Vihiga, ambazo hutoza ushuru kwa kila nguruwe anayepakiwa kwenda mbali, zina sababu ya kutaka ajira za kuchinja, kukata na kufungasha zibaki kwao, na kichinjio kimoja chenye chumba cha baridi kingewafaa wafugaji wa magharibi kuliko semina nyingi za ufugaji bora.

Hadi hapo, mteja asikubali nyama iliyopauka inayoelea katika maji yake kwa bei ya nyama nzuri, na amuulize mwenye bucha nguruwe alifika kichinjioni saa ngapi na alichinjwa saa ngapi. Wafanyabiashara nao wafanye hesabu ya mizani. Nguruwe wa kilo 100 hutoa mzoga wa kilo 70 hadi 75, kwa hiyo katika kila nguruwe 100 wa uzito huo wanaoletwa Nairobi wakiwa hai, kati ya tani 2.5 na tani 3 za mzigo uliolipiwa mafuta ni damu, manyoya, matumbo na kinyesi.